Soksi za Pamba

Kila Jumamosi asubuhi, Queen na mama yake walitoka nyumbani kwao Germantown, wakaingia barabara kuu, na baada ya robo saa hivi wakawa Gaithersburg, kwenye ukumbi ambao familia za Afrika Mashariki huukodi kwa ajili ya watoto wao. Kwa saa nzima watoto walisoma Kiswahili. Kisha walikunywa chai ya maziwa na maandazi, wakapiga soga mpaka wazazi walipokuja kuwachukua. Queen alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Kiswahili alikielewa chote, kwa sababu mama yake, Leokadia, hakutumia lugha nyingine akiwa nyumbani. Kazi ilikuwa kukizungumza. Akiulizwa kwa Kiswahili alijibu kwa Kiingereza, na siku zikapita hivyo.

Majira ya baridi yalipoingia, masomo yalifupishwa ili kupata muda wa kuandaa safari. Kila mwezi wa Februari, Silvanus aliwapeleka watoto kumi kaskazini hadi mpakani mwa Kanada. Silvanus alikuwa mwenyeji wa Njombe, fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto. Chuo alisomea huko huko kaskazini, na ndiko alikojifunza kuendesha pikipiki za theluji, vile vyombo visivyo na magurudumu, vyenye mbao mbili za kuteleza mbele na mkanda mpana nyuma. Kila mtoto hupanda nyuma ya mtu mzima. Msafara hupita msituni, huripoti kwa maofisa wa mpaka, hulala upande wa pili, na kesho yake hurudi.

Watoto waligombea kitu kimoja tu, nacho ni kukaa kwenye pikipiki ya kwanza, ile ya Silvanus mwenyewe. Anayekaa hapo huiona njia kabla ya wengine, na ndiye wa kwanza kuvuka mpaka. Queen alikuwa amekwenda miaka miwili, na mara zote mbili aliwekwa nyuma kabisa, akirushiwa theluji usoni na waliomtangulia. Mwaka huu hakuwa na shaka kwamba zamu ni yake.

Ndipo akaja Fathiya.

Fathiya alikuwa na miaka kumi na miwili. Yeye na mama yake, Bimkubwa, walitoka Unguja mwezi wa Juni na kupanga nyumba katika jengo la ghorofa huko Adelphi. Mwezi wa Oktoba, wakati wenzake bado wamevaa fulana, Fathiya aliingia ukumbini amevaa makoti mawili, moja juu ya jingine. Wairimu, rafiki mkubwa wa Queen, alimtazama kuanzia juu hadi chini. "Karibu, Bi Makoti," alisema. Jina likashika. Hata watoto wadogo wa miaka sita walimwita hivyo, naye akawa anaitika huku akitabasamu, akidhani labda ndivyo watu wa hapa wanavyotaniana.

Jumamosi moja ya mwezi wa Desemba, Queen alimkuta Silvanus mlangoni. Akataka kumpendeza. "Marahaba, Anko!" alisema kwa sauti.

Fathiya, aliyekuwa nyuma yake, akacheka kabla ya kujizuia. "Kumbe wewe ndiye mkubwa wake?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Silvanus naye alicheka. Wairimu alicheka mpaka akajishika mbavu. Queen alisimama pale uso ukimwaka kama aliyepigwa kofi. Na siku ile ile, kabla chai haijanywewa, Silvanus alisoma majina ya msafara.

"Fathiya atakaa pikipiki ya kwanza, nyuma yangu. Ni mwepesi, tena ni mgeni wa baridi. Nataka awe karibu nami. Queen, pikipiki ya tatu."

Queen alilivunja andazi lake vipande vidogo vidogo na hakula hata kimoja.

Baada ya chai, Silvanus alimwita kando akampa karatasi. Ilikuwa orodha ya mavazi, imeandikwa kwa Kiingereza na waongozaji wa huko kaskazini. "Mama yake Fathiya hafiki hapa," alisema. "Jumamosi anafanya kazi, anafua nguo kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mpigie simu leo jioni umweleze orodha hii kwa Kiswahili, neno kwa neno. Na wewe Kiswahili chako kipate mazoezi, mama." Alimpigapiga begani. Alidhani anamtendea wema.

Katikati ya karatasi ile palikuwa na mstari ulioandikwa kwa herufi nene kuliko mingine yote. Ulikataza nguo za pamba. Pamba hunywa jasho, ulisema, na ikishalowa hunyonya joto la mwili. Ndani ivaliwe sufu, na soksi ziwe za sufu, jozi moja, ndani ya buti zisizobana.

Jioni ile Queen alikaa kitandani kwake na Wairimu, simu ikiwa katikati yao. "Shikamoo, Bi Bimkubwa," alianza, na safari hii hakukosea.

"Marahaba mwanangu! Hebu ngoja nichukue kalamu. Haya, n'ambie."

"Ndani, avae pamba."

"Pamba?"

"Ndiyo, pamba tu. Soksi pia za pamba. Avae mbili mbili."

"Na sufu jee? Mie nilidhani..."

"Sufu hapana. Sufu inaleta jasho."

Kalamu ilisikika ikikwaruza karatasi. "Haya, nimeandika. Ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie. N'na furaha Fathiya kapata mwenziwe."

Wairimu alikuwa ameuma mto asisikike akicheka. Simu ilipokatwa, wote wawili walicheka mpaka machozi yakawatoka. "Wee, umemmaliza!" Wairimu alisema. Queen alifikiri Fathiya atatetemeka kidogo, atalia, ataonekana dhaifu, na nafasi yake ya mbele itachukuliwa na mtu anayeijua baridi. Hakufikiri zaidi ya hapo. Hakutaka kufikiri zaidi.

Jumamosi ya tatu ya Januari ilikuwa siku ya majaribio. Theluji ilikuwa imeanguka tangu Alhamisi, na upepo uliovuma kutoka ziwani ulikata kama wembe. Silvanus aliwakusanya watoto kwenye bustani iliyo kando ya ziwa, nje kidogo ya Germantown. Mpango ulikuwa kutembea saa nzima theluji ikiwafika magotini, kisha kukaa saa nyingine kwenye mabenchi wakiukabili upepo, kama watakavyokaa juu ya pikipiki.

Silvanus alimkagua kila mmoja. Alipofika kwa Fathiya aliona koti zuri, suruali ya theluji na buti. "Na ndani umevaa kama ulivyoelekezwa?"

"Ndiyo, Anko," alijibu Fathiya, na kwa upande wake alisema kweli.

Walipokuwa wakitembea, Queen alimsogelea. "Nikuambie siri," alisema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Anko atauliza nani anasikia baridi. Ni mtego. Ukisema ndiyo, unabaki nyumbani."

Fathiya alimtazama kwa shukrani. "Ahsante kunambia."

Saa ya kwanza iliwatoa wote jasho. Walipokaa kwenye mabenchi, jasho lile lilianza kupoa. Wenye sufu walikunja mikono na kuimba. Fathiya alianza kutetemeka kabla ya dakika kumi kwisha. Ndani ya buti zake soksi zilikuwa zimelowa chapachapa, jozi mbili zimesongamana kwenye buti za jozi moja, na vidole vilibanwa visiweze hata kujikunja.

"Nani anasikia baridi?" aliuliza Silvanus. "Aseme. Kusema si aibu."

Watoto wawili waliinua mikono, wakapelekwa garini kupata joto. Fathiya aliwaona wakienda, akawahurumia kwa kuikosa safari. "Mie sijambo, Anko," alisema.

Mkate ulipogawiwa, wake ulimponyoka mikononi. Aliuokota, ukaanguka tena. Wairimu alitoa simu akaanza kumpiga picha. "Tazama Bi Makoti anavyokula! Kama mtoto mchanga!" Watoto wakacheka. Fathiya naye alijaribu kucheka, lakini midomo ilikuwa migumu, na sura iliyotokea haikuwa ya kicheko. Wakazidi kumcheka.

Baada ya muda mtetemo wake ukapungua. Alimwinamia Queen akamnong'oneza, "Alhamdulillahi, miguu imeacha kuuma. Hata siisikii."

Queen aliyajua maneno hayo. Kila mwaka, kabla ya kila safari, Silvanus aliwakariria: maumivu yakikoma na kiungo kikafa ganzi, hapo ndipo pa kupiga kelele, kwa maana nyama imeanza kuganda. Queen aliweza kuyatamka hayo hata usingizini. Akautazama uso wa Fathiya uliomtegemea. Akaifikiria pikipiki ya kwanza.

"Vizuri," alimjibu. "Umezoea."

Nusu saa baadaye Silvanus aliwaambia wasimame. Fathiya alisimama, akapiga hatua mbili kama mtu anayetembea kwa magongo, akaanguka kifudifudi. Wairimu alipiga ukelele wa kicheko. Silvanus alimwinua, akamketisha, akamvua buti ya kushoto. Soksi ya juu ilikuwa imekakamaa. Alipozitoa zote mbili, kicheko kilikatika. Vidole vya Fathiya vilikuwa vyeupe mithili ya nta, na Silvanus alipovigusa vilikuwa vigumu kama mbao.

"Pamba," alisema. Aliigeuzageuza soksi ile mkononi mwake kama haamini. "Nani kamvisha mtoto huyu pamba?"

Hospitalini, miguu yake ilipozamishwa katika maji ya uvuguvugu, damu ilianza kurudi, na damu inaporudi kwenye nyama iliyoganda huja na moto. Silvanus alisimama nje ya mlango akimsikia Fathiya akimwita mama yake, na mama yake bado yuko njiani, akija kutoka kazini kwa mabasi mawili.

Watu wazima hawakungoja maelezo ya Bimkubwa ili wahukumu. Jioni ile kundi la wazazi la simu lilijaa maneno. Mama gani huyu? Si alipewa orodha? Watu wanakuja huku hata nchi waliyomo hawaijui. Leokadia mwenyewe, ambaye alikuwa muuguzi, aliyasema hayo hayo siku ya Jumapili alipokuwa akiendesha gari kwenda kumjulia hali mtoto, chupa ya uji ikiwa kwenye mapaja ya Queen. "Pamba! Kwenye baridi ile! Wengine hawastahili kuachiwa watoto." Queen alitazama dirishani. Simu yake ililia. Ulikuwa ujumbe wa Wairimu: Nyamaza. Hakuna anayejua.

Chumbani walimkuta Fathiya amelala, miguu imefungwa bandeji, na malengelenge yamevimba juu kidogo ya bandeji, karibu na kifundo. Bimkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, bado amevaa sare ya kazi. Mbele yake alikaa mwanamke aliyejitambulisha kwa jina la Audrey, ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, na mezani palikuwa na simu iliyotoa sauti ya mkalimani, mwanamke wa Kongo.

"Mama," ilisema sauti ile, "banauliza, nani alikuambia umuvalishe mutoto vile?"

Bimkubwa alitoa daftari dogo mkobani akalifungua. "Mie niliandika hapa. Pamba. Soksi za pamba mbili mbili. Basi nilisikia vibaya. Mtoto alonisomea kanisomea vyema, kosa ni la masikio yangu." Akainua macho, akamwona Queen mlangoni, na uso wake uliochoka ukapata nuru kidogo. "Huyo hapo. Ahsante mwanangu kwa kuja. Wewe hukukosa kitu."

Audrey aliandika. Kisha alieleza polepole, na sauti ya simu ikafuata nyuma. Mtoto alikuwa amepata majeraha makubwa kwa sababu ya mavazi aliyovishwa na mzazi. Mama anafanya kazi kutwa. Uchunguzi ungefanyika, na mpaka utakapokwisha, hospitali isingeweza kuahidi kwamba Fathiya atarudi Adelphi. Huenda akakaa na familia nyingine kwa muda.

Bimkubwa hakulia. Alilifunga daftari akalishika kwa mikono miwili. "Waambie," alisema, "mimi sina mwengine ila huyu."

Queen aliiweka chupa ya uji mezani. Maneno yalimtoka kwa Kiingereza, haraka haraka, yakigongana. Audrey aliacha kuandika. Leokadia alimgeukia binti yake kama mtu aliyesikia mlio wa kitu kuvunjika nyumbani kwake.

"Rudia," alisema Leokadia. "Kwa Kiswahili."

"Mama, siwezi..."

"Uliweza kumdanganya kwa Kiswahili. Ukiri kwa hicho hicho. Aliyeumizwa ni yeye, na asikie kwa lugha yake."

Queen alijaribu. Vitenzi vilimshinda, akachanganya nyakati, akarudi nyuma na kuanza upya, wala safari hii hakuna aliyecheka. Alisema kwamba orodha ilikataza pamba. Alisema kwamba alijua. Alisema habari ya mtego aliobuni, ili Fathiya asiseme kwamba anasikia baridi. Alisema kwamba alifanya hivyo kwa ajili ya pikipiki ya kwanza, na kwa sababu alichekwa. Alipofika mwisho alidhani amemaliza.

Sauti ikatoka kitandani. Fathiya alikuwa macho. "Nilikwambia miguu imeacha kuuma," alisema. "Ulijua?"

Queen aliitikia kwa kichwa.

Fathiya akageuza uso wake kuelekea ukutani. Bimkubwa aliuliza swali moja tu. "Tulikukosea nini sisi?"

Audrey alichukua maelezo yote upya. Baada ya siku nne aliandika kwamba mama hakuwa na kosa, na suala lile likafungwa. Leokadia aliandika kwenye kundi la wazazi maneno mafupi: alimhukumu mwenzake bila kujua, mkosaji alikuwa binti yake mwenyewe, na anaomba radhi. Silvanus alikwenda Adelphi akakaa sebuleni kwa Bimkubwa, kofia mkononi. "Kazi ya mtu mzima niliitupia mikono ya mtoto," alisema. "Ningeweza kukupigia mwenyewe. Nisamehe, dada yangu." Februari msafara uliondoka na watoto saba. Baba yake Wairimu alipoiona ile picha ya simuni alimwondoa binti yake kwenye orodha, wala hakutaka kusikia utetezi.

Vidole vingi vya Fathiya vilipona. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kiligeuka cheusi, na mwezi wa Machi daktari alikikata nchani. Tena alisema kwamba miguu ile itaumia kila baridi itakapokuja, maisha yake yote.

Kila Jumamosi, badala ya kwenda ukumbini, Queen alipelekwa na mama yake Adelphi. Karatasi za hospitali za kutunza kidonda zilikuwa nyingi. Queen aliziandika kwa Kiswahili, Leokadia alizikagua mstari kwa mstari, kisha Queen alimsomea Bimkubwa kwa sauti. Wiki tatu za mwanzo Fathiya alibaki chumbani mwake na mlango ukiwa umefungwa. Wiki ya nne alitoka kwa magongo, akakaa mwisho wa kochi.

Queen aliacha kusoma. "Fathiya, nisamehe."

"Bado sijakusamehe," alisema Fathiya. "Soma. Nataka kusikia lini nitaweza kuvaa viatu."

Queen alisoma mpaka mwisho. Alipoanza kukusanya karatasi, Bimkubwa alimzuia mkono.

"Kaa, mwanangu, nikwambie. Wewe pengine unadhani ulitushinda akili kwa kuwa hatukijui Kizungu. Sivyo. Uliweza kutudanganya kwa sababu tulikuamini, basi. Mwanangu alivumilia maumivu yale yote kwa neno lako. Mtu akikupa maneno yake uyafikishe kwa mwengine, amekupa amana, sawasawa na aliyekupa mtoto umshike. Ukiyageuza, hujui yatamwangukia nani wala yatamkata wapi. Na aliyekucheka akakuumiza moyo, mwambie amekuumiza. Angekuomba radhi siku ile ile, nawe ungelala salama."

Queen aliinamisha kichwa. "Nimesikia, Bi Bimkubwa."

"Kusikia ulisikia tangu mwanzo," alisema Bimkubwa, naye akauachia mkono wake. "Sasa liwe tendo. Jumamosi ijayo njoo mapema. Kuna karatasi nyengine."